Jakunda Kati ya Piaba

Manaus, 19 Agosti 1991

Mama Zulmira, naomba baraka yako, mama yangu wa ubatizo.

Barua hii isome peke yako, mlango umeufunga. Hiyo nyingine iliyo ndani ni ya Baba, mpelekee.

Nina mimba tena, mwezi wa nne sasa. Daktari amesema mlango wa kizazi ni dhaifu, ndiyo maana wale wawili waliondoka, na huyu naye ataondoka nisipolala. Si kujinyoosha kidogo mchana, mama. Ni kulala mpaka siku ya kujifungua, nainuka kwenda chooni tu. Bembea ya kulalia nayo nimekatazwa, eti inakunja mgongo, kwa hiyo Edivaldo amenunua kitanda. Mimi, mtoto wa mto Rio Negro, nalala kitandani kama maiti aliyekwisha kuoshwa.

Unanijua. Hata misa sikuwahi kuimaliza bila kutoka nje. Sasa nazijua nyufa zote za dari. Jirani wa juu anakokota kiti kila siku asubuhi na jioni, na natamani kupanda ngazi nikamuulize anakipeleka wapi. Edivaldo akirudi kutoka kiwandani ananikuta nimelia, na si kwa huzuni, ni kwa hasira. Juzi kaja na tangi dogo la kioo la kufugia samaki, mwenzake wa kazini alikuwa anawekea skrubu. Akaniambia, "Baba yako maisha yake yote anavua samaki wa mapambo, wanapanda ndege kwenda kukaa sebuleni kwa watu, na nyumbani kwenu sijawahi kuona hata mmoja." Ni kweli, hatujawahi.

Baba asijue. Mara ya mwisho alipojua alichonga kitanda cha mtoto, akaita mtaa mzima kula na kunywa, halafu ikabidi apite tena mlango kwa mlango kuwaambia. Sitamrudisha kwenye milango ile. Niapie, mama.

Binti yako,
Nilda

Manaus, 19 Agosti 1991

Baba, naomba baraka yako.

Mimi mzima, kazi ya dukani inaendelea. Nimepata tangi dogo la samaki, upana wake kama sanduku la viatu na urefu wake mkono mmoja. Nataka unichagulie samaki na mimea. Mimi nimewaza akara-sahani wawili, akara-bendera watatu, samaki-vipepeo kadhaa, piaba wadogo wengi, na mimea ya kijani ijae kila upande kama bustani. Usinicheke.

Nilda

Barcelos, 31 Agosti 1991

Nilda mwanangu, Mungu akubariki.

Mwandiko huu ni wa Zulmira, kwa sababu mkono wangu wa kulia umechomwa na mwiba wa samaki taa kijitoni, umevimba, kalamu haishikiki. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asitie chumvi yake. (Sijatia. Z.)

Umesema nisicheke na nimeshacheka. Akara-sahani wawili ndani ya tangi hilo ni sawa na kufuga ng'ombe wawili chooni. Akara-bendera ni mzuri akiwa mdogo, lakini akikua atawameza piaba wako huku anakutazama. Samaki-kipepeo anaruka nje. Utamkuta asubuhi chini ya kabati amekauka. Na hiyo bustani uliiona kijito gani cha kwetu? Piaba anakaa kwenye maji meusi, chini ya majani yaliyooza, katikati ya mizizi. Ukimmwagia mwanga anahangaika.

Nitakuchagulia hivi. Piaba kumi na wawili, maana akiwa peke yake anakonda. Kambale wadogo wanne wa kusafisha chini. Akara kibete, dume na jike, hao watakupa la kutazama, wanagombana kama mimi na marehemu mama yako. Basi, tangi limejaa. Mmea, chukua upanga mmoja, ule wa majani marefu, uupande nyuma, na magugu ya kuelea kidogo ili yazibe mwanga. Mzizi nakutumia mimi, nimeshauchemsha, pamoja na majani makavu. Maji ya bomba yana dawa, yaache kwenye ndoo mpaka harufu iishe, kisha utie majani mpaka yawe rangi ya chai.

Beseni la kwanza la samaki wa msimu nimelimwaga mtoni, kama babu yako alivyokuwa anamwaga. Beseni la kwanza ni la mto, hatulihesabu na hatulilii. Wako watatoka beseni la pili.

Baba yako,
Deoclides

(Nilda, hapa pembeni ni yangu, yeye anadhani napaka gundi bahasha. Nimekuapia mbele ya Bikira, kwa mdomo na kwa kalamu, kwamba lako halitoki kwangu. Sasa na baba yako naye kaniapisha, Bikira yuleyule, mdomo uleule, kalamu ileile, juu ya jambo lake. Usiniulize. Tumbo limenijaa siri za watu na mimba si yangu. Z.)

Manaus, 15 Septemba 1991

Baba,

Pole kwa mkono. Ni taa gani huyo anayekuchoma wewe, uliyetufundisha kuburuta miguu majini ili taa wakimbie, kabla hatujajua kutembea nchi kavu? Au ndiyo uzee?

Mzizi na majani vimefika. Edivaldo kajaza maji, yamekuwa chai kweli, mpaka jirani kauliza kwa nini tunafuga maji machafu. Upanga tumeupata sokoni. Tangi tumeliweka chini, juu ya makreti mawili ya bia, usawa wa godoro, ili nikigeuza kichwa nilione vizuri. Bado halina kitu, na mimi nalitazama hivyohivyo asubuhi mpaka jioni. Nimemhamishisha Edivaldo ule mzizi, kushoto, kulia, katikati, tena kushoto, mpaka amesema ataupigilia msumari. Fanya haraka, Baba. Kungoja kunanitoa roho.

Nilda

Barcelos, 29 Septemba 1991

Nilda,

Samaki wanakuja na Mariano wa meli. Nimewachagua mwenyewe, mmoja mmoja. Mfuko kaufunga Zulmira, mkono wangu bado. (Bado kabisa. Z.) Wakifika, mfuko uuache uelee kwanza juu ya maji ya tangi, wazoeane, halafu uwaingizie maji kidogo kidogo. Usiwamwage kama maji ya kuoshea vyombo. Watakuwa wamepauka, rangi yote imeondoka, usianze kulia. Wape giza na uwaache, itarudi.

Jambo jingine. Umeandika "usawa wa godoro". Godoro la nini? Bembea niliyokupa siku ya harusi iko wapi? Kwetu mtu akilala kitandani ama anaumwa ama anazaa. Na duka lenu siku hizi linafunguliwa saa ngapi, hata wewe ukae na tangi asubuhi mpaka jioni? Nauliza tu.

Baba yako,
Deoclides

Manaus, 10 Oktoba 1991

Mama Zulmira,

Baba nimemwandikia kwamba bembea iko kwa fundi na dukani nimepewa likizo. Umemsikia akicheka? Mimi nimejicheka.

Samaki walifika wazima. Siku za mwanzo sikuwa na shida na mtu. Piaba wanakwenda wote kushoto, wanageuka wote, wanarudi, na mimi nakwenda nao kwa macho. Tumboni nako naona mtu ananitembeza. Dume wa akara kibete kachimba shimo chini ya mzizi, anamfukuza kila anayepita, mke wake anamtazama tu kama mimi ninavyomtazama Edivaldo akitafuta funguo. Nilisahau dari.

Halafu piaba wakaanza kupungua. Kumi na mmoja. Tisa. Saba. Nilimshuku yule dume, nikamtukana mno, maskini, nitamwomba radhi. Leo asubuhi nimemwona mwenyewe akitoka nyuma ya mzizi, mwembamba, mrefu, mdomo umepasuka mpaka machoni, na mkia wa piaba unachungulia. Jakunda, mama. Jakunda mdogo, lakini jakunda.

Mtoto wa chekechea wa Barcelos hamchanganyi jakunda na piaba. Baba kaniandikia kwamba aliwachagua mmoja mmoja. Huyu Baba ambaye akiinamia beseni lenye mamia alikuwa anasema "yule kule ana kovu," na kovu linakuwepo. Nimelala hapa sina kazi isipokuwa kuwaza, nikaanza kuunganisha. Mwandiko wako barua zote. Taa aliyemchoma mtu anayeburuta miguu. Mkono usiopona. Na wewe na Bikira wako.

Mkono wa Baba hauna kitu. Ni macho. Nijibu.

Nilda

Barcelos, 22 Oktoba 1991

Nilda mwanangu,

Umesema wewe, mimi sikusema. Bikira ni shahidi. Sasa kwa kuwa umeshasema, nipe nafasi nitapike yote.

Macho yote mawili yana ukungu tangu mvua za mwaka jana. La kushoto linajua mchana na usiku tu. Meli ya madaktari ilipita, wakamwambia ni mtoto wa jicho, Manaus wanamtoa na mtu anaona tena. Akawashukuru, akaja kwangu akaniambia wamesema hana tatizo. Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye foleni.

Bado anatoka na mtumbwi alfajiri. Peke yake. Anasikiliza maji, anapapasa matawi, anavua kwa mazoea. Wiki iliyopita aligonga kisiki, mtumbwi ukajaa maji nusu. Karudi amelowa mpaka kofia, eti amejimwagia maji ya kuoga. Kila asubuhi nasimama mlangoni kwangu na chai inapoa mkononi mpaka nisikie kafi lake. Nimekonda mimi, na najua hutaamini.

Kwa nini haji huko? Kwa sababu yako. Anasema, "Nilda yuko kazini kutwa, nitamkalia mlangoni kama gunia la unga wa muhogo." Na wewe huko umelala, unasema Baba asijue, ataumia. Mnanichosha. Mficha uchi hazai, mficha maradhi kifo humuumbua. Hizo methali mbili, kila mtu achukue yake.

Usipomwambia la kwako hatakuja, na mimi la kwako siwezi kulitoa, nimeapa. Mwite wewe. Mimi nilifunga mfuko tu.

Zulmira

Manaus, 1 Novemba 1991

Baba,

Ndani ya tangi mna jakunda. Usiulize aliingiaje. Kati ya piaba kumi na wawili amekula saba. Edivaldo kamwinda kwa kijiko, kwa soksi, kwa chujio la chai, akapata mzizi tu. Sasa kaweka kipande cha chandarua katikati, jakunda upande wake, piaba upande wao. Anawatazama kutwa, nao hawali.

Mimi siwezi kuinama. Nimeandika maneno hayo, nikayafuta, nikayarudia. Siwezi kuinama, siwezi kubeba ndoo, na dukani niliacha tangu Julai. Bembea haiko kwa fundi. Nalala kitandani, Baba, na wewe uliniandikia mwenyewe watu wanalala kitandani kwa nini. Siumwi.

Usichonge kitu. Usimwite mtu. Naogopa mno, hata jina sijathubutu kumtafutia. Wewe njoo tu umtoe huyu jakunda. Njoo na mkono wako, macho kwa kazi hiyo hayahitajiki. Ndiyo, najua. Na usimgombeze Mama Zulmira, hakusema yeye. Samaki ndiye aliyesema.

Nilda

Barcelos, 13 Novemba 1991

Nilda,

Nakuja na Mariano safari inayofuata, ameahidi kunishika mkono mpaka mlangoni kwako. Nilimwambia mkono haushikwi, bega linatosha.

Nilijua tangu godoro. Nikanyamaza kwa kuwa ulitaka ninyamaze. Usiku nikawa natembea barazani mpaka Zulmira akatoka kwake kuuliza nani anahama. (Kweli. Na kandili mkononi mwake, mwenyewe hana haja nayo. Z.)

Hukuambiwa, lakini mama yako naye alilala kitandani kwa ajili yako, msimu mzima wa maji kujaa. Alikuwa mkali kama wewe. Nikawa namletea piaba kwenye sufuria ya uji awatazame, jioni nawarudisha, kesho nawaleta wengine. Ndiyo maana uliponiomba samaki nilicheka sana. Nilikuwa nacheka nisije nikafanya jingine mbele ya karani.

Sikuoni nikifika. Hilo siwezi kulitengeneza kabla ya safari. Tutasikilizana.

Sijachonga kitu. (Hajachonga. Kisu kakishika, nikamnyang'anya. Z.)

Baba yako,
Deoclides

Manaus, 9 Desemba 1991

Mama Zulmira,

Alifika na dumu la maji ya mto amelipakata mapajani, safari nzima, Mariano anasema hakuliweka chini hata wakati wa kula. Aliuliza tangi liko wapi kabla hajauliza niko wapi. Akapiga magoti, akakunja shati, akatia mkono majini na kutulia. Alikaa hivyo mpaka Edivaldo akaninong'oneza kuuliza kama amelala. Vidole vimeachia kama mzizi. Jakunda akatoka mwenyewe, akaja kujificha chini ya kiganja, na Baba akamwinua taratibu. Akamtia kwenye chupa ya maharage, akasema, "Kijana huyu hana kosa, ana njaa. Mariano, mrudishe mtoni." Ndipo akageuka kutafuta uso wangu kwa mkono uliolowa.

Lakini kuishi naye humu ndani, mama, ni kazi. Hatua chache ukuta, hatua chache kabati. Anazunguka siku nzima. Mimi nalala nahangaika, yeye anasimama anahangaika. Kila dakika, "Wanafanya nini sasa?" Namwambia wako juu, upande wa magugu. "Wote?" Wote. "Basi mvua inakuja." Namwambia Manaus hapa, Baba, ndani ya nyumba. Na mvua inakuja kweli. Operesheni ya macho kapangiwa mwezi huu, akakataa. Kasema hatafungwa vitambaa usoni wakati mimi naweza kuhitaji mtu. Nikamuuliza atanisaidia nini. Akasema, "Miguu yangu inaona."

Alhamisi iliyopita maumivu yalinishika. Ilikuwa asubuhi, Edivaldo kiwandani. Nilijua ni yaleyale. Nikamwambia Baba. Akatoka hapohapo. Nikamsikia anashuka ngazi, kiganja kinasugua ukuta, anagonga kila mlango na kusema, "Kuna mwenye macho humu? Naomba mwenye macho." Hakulia wala hakupiga kelele, alikuwa anaomba kama mtu anayeazima chumvi. Aliyekuja ni yule jirani wa juu wa kiti. Kumbe anakikokota kumsogeza mama yake dirishani asubuhi na kumrudisha jioni. Akanibeba yeye mpaka kwenye teksi, na Baba ameshika nyuma ya shati lake.

Hospitali walinitundikia dripu, maumivu yakapungua, hayakuisha. Baba kakaa pembeni ya kitanda. Nikamuuliza, "Na huyu naye akienda?" Nilitaka aniambie hataenda.

Akanitafuta mkono. Kisha akasema, "Nilikuandikia kwamba beseni la kwanza ni la mto, hatulihesabu na hatulilii. Niliongopa. Babu yako alikuwa anamwaga na kugeuza uso. Mimi namwaga na kulia, kila mwaka, Zulmira anadhani ni moshi. Wale wako wawili nimewalilia, na kuwahesabu nimewahesabu. Huyu akienda nitamlilia vilevile. Lakini hajaenda, Nilda. Yuko hapa sasa hivi na hana jina. Mwite."

Nikamwita kwa jina, kwa sauti, nesi akasikia. Maumivu yaliendelea mpaka jioni ndipo yakaacha. Tumerudi nyumbani jana. Nimelala tena, dari ni ileile, na ninahesabu upya mpaka Januari. Tuombee.

Nilda

Manaus, 30 Januari 1992

Zulmira,

Usishangae mwandiko. Herufi ni kubwa na zinapanda mlima kwa sababu jicho la kulia bado limefunikwa. La kushoto wamelifungua.

Mtoto amezaliwa tarehe kumi na tisa, msichana, mzima, ana sauti ya kuuza samaki. Nilda ametembea mpaka dirishani na kurudi, halafu mpaka mlangoni na kurudi, hakuna anayeweza kumkalisha. Mtoto anaitwa Odaleia, jina la mke wangu. Najua ulitarajia lako. Ngoja wa pili.

Waliponifungua jicho nikasema nileteeni mtoto. Nesi akasema kwanza nisome herufi ukutani. Nikamwambia herufi zimeningoja mwaka mzima, hazitakimbia. Akamleta. Sitakuandikia nilichoona, utakuja umwone.

Nyumbani nikalitazama tangi. Umri wangu wote nimewaona piaba kwa juu, migongo tu, ndani ya beseni. Sikuwahi kuwaona kwa ubavu. Ule mstari wa buluu unawaka, Zulmira. Nilikuwa nawauza bila kuwajua. Wamebaki watano na wanakwenda pamoja, akara wamezaa, na upanga wa Nilda umetoa jani jipya.

Sasa turudi kwenye jambo letu. Macho yangu yalikufa, vidole havikufa. Samaki wale wote walipita kiganjani mwangu, mmoja mmoja, na jakunda namjua kwa kumgusa tangu sijaota ndevu. Hakuwemo. Mfuko uliufunga wewe. Nimelijua hilo tangu siku uliponisomea barua ya Nilda, ukalipita neno jakunda haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Uliniapia kwa mdomo na kwa kalamu. Mkono sikuuapisha, hilo kosa langu.

Piaba saba wamekufa kwa ajili ya kiapo chako, na mzee mmoja ametoka mtumbwini kabla hajazama. Kushukuru sijui, kwa hiyo nakugombeza.

Mtumbwi wangu ugeuze, mvua isiujaze. Msimu ukifunguliwa nitakuwa hapo, na beseni la kwanza nitalimwaga mimi. Mara hii nitawaona wakienda. Wewe simama karibu, na usiseme ni moshi.

Deoclides, kwa mkono wangu